Kinu cha Mukeba Wangu

Ukitaka kujua kama sombe imetwangwa vizuri, usiitazame. Sikiliza. Majani ya muhogo yakiwa bado mabichi ndani ya kinu, mchi unatoa sauti pana yenye majimaji. Yakianza kulainika, sauti inashuka na kuwa nzito, kama ya mtu anayekanda unga. Na ukisikia ko, ko, ko, mti ukigonga mti, jua mwenye kinu ametia majani machache ili amalize haraka, au mawazo yake hayapo. Wateja wetu wa zamani walilijua hilo. Walikuwa wakishuka kutoka Kamembe au wakipanda kutoka mpakani, wanasimama katikati ya njia, wanainamisha kichwa kidogo, kisha wanaamua waende kushoto au kulia. Kwa anayeshuka, kushoto nilikuwa mimi. Kulia alikuwa yeye.

Natwanga sombe upande wa Rwanda, kwenye kiwanja kidogo kinachokatwa na njia inayoshuka mpakani, Rusizi ya Kwanza. Ukisimama hapo unaona ziwa, daraja, na nyumba za Bukavu zilivyopandana mlimani upande wa pili, Kongo. Sombe kwingine wanaiita kisamvu, lakini ukitamka neno hilo hapa watajua wewe ni mgeni. Majani yanatoka Rwimbogo alfajiri, yamefungwa juu ya baiskeli mpaka baiskeli yenyewe haionekani. Tunayachambua, tunatoa vijiti, tunayatwanga na kitunguu saumu, pwaro, yale majani marefu ya jamii ya kitunguu, na pilipili mboga, kisha tunayafunga kwenye jani la mgomba. Mteja akifika kwake anabaki na kazi ya kupika tu, na mafuta ya mawese kutoka Bugarama.

Mwenzangu huyo wa kulia alikuwa Mushi, yaani mtu wa kabila la Bashi, wa Bukavu, mwanamke wa rika langu, mrefu, mwenye maneno machache. Kila asubuhi alivuka mpaka akiwa na mchi wake begani. Kinu alikiacha kwetu, kwa kuwa kinu ni kizito, lakini mchi hakuuacha hata siku moja. Watu wa mpakani walimtania kwamba anakwenda vitani. Aliwajibu, "Njo naenda," yaani ndiko aendako, akapita. Mchi wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko ya kwetu, na katikati, mahali pa mikono, ulikuwa umeng'aa.

Mimi ni Mnyarwanda niliyezaliwa kwao. Wazazi wangu walikimbilia ng'ambo wakiwa vijana, wakanizaa huko, na nilirudi hapa nikiwa tayari mke wa mtu. Kutwanga nilifundishwa na marehemu mama yangu, kwenye ua wa nyumba ya kupanga huko Bukavu. Mwenzangu hakunisamehe hilo. Siku ya kwanza alipoonja sombe yangu alitema pembeni, akawaambia wateja:

"Hii sombe ni ya kwetu. Huyu mama alikuliaka kwetu, akaivukisha mpaka mu mugongo sawa mutoto."

Nikamjibu, "Mutoto akivuka mpaka anaongezekaka akili."

Watu walicheka. Yeye hakucheka, wala mimi. Kuanzia siku hiyo wakatuita bakeba. Kwa Kinyarwanda mukeba ni mke mwenza, yule mnayegawana naye mume mmoja, lakini watu hulitumia pia kwa timu mbili za mpira za mji mmoja, au kwa maduka mawili yanayotazamana. Mume wetu sisi alikuwa ile njia, na watu waliopita juu yake.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Nadhani wahenga hawakuwahi kupita sokoni. Sisi tulikaa zizi moja miaka mingi, na hakuna aliyemwamkia mwenziwe. Akiwahi, kesho yake mimi niliwahi zaidi. Nikiongeza pwaro, yeye aliongeza pwaro na kitunguu saumu. Aliponiona nafunga sombe yangu kwa ukambaa wa mgomba, ukapendeza, wiki iliyofuata ya kwake ilifungwa kwa ukambaa uliosukwa. Mimi nilikuwa na mdomo: niliita wateja, nilisifu majani, niliuliza habari za watoto wao. Yeye hakumwita mtu. Alitwanga tu. Siku moja dada mmoja muuza ndimu alinitupia maneno, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," na sikuzungumza naye mpaka msimu wa ndimu ukaisha.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa mahali pake. Alitwangia pale kiwanja kinapopakana na ukuta wa ghala, penye kivuli mpaka saa sita, na mtu anayepanda kutoka mpakani alimfikia yeye kwanza. Mimi nilichomwa na jua tangu asubuhi. Nilipatamani mahali pale kama mtu anavyotamani nyumba ya jirani. Nilikuwa nikilala nawaza jinsi ambavyo ningepanga beseni zangu pale, na jinsi ambavyo ningekaa nikitazama watu wakitokea darajani huku nimeegemea ukuta wa baridi.

Halafu kulikuwa na ile sauti. Asubuhi tukiwa tunatwanga sote wawili, mchi wangu ulishuka, kisha wa kwake, kisha wangu. Hatukupatana hivyo. Nilipoongeza mwendo, aliongeza. Nilipopunguza ili nimtoe kwenye mstari, alipunguza. Nilipoweka mchi chini ninywe maji, upande wa pili nao ulinyamaza, nami nikasema moyoni, tazama mwizi huyu, anangoja mdomo wangu ujae maji ili awachukue wateja wangu.

Kiwanjani petu pana desturi ambayo hakuna aliyeiandika na kila mtu anaifuata. Kinu cha mtu hakitwangiwi na mwingine. Unaweza kuazima kisu, beseni, hata kitenge cha kujifunika mvua ikikukuta, lakini kinu hapana, kwa sababu kinu kinazoea mkono. Jioni kila mmoja anageuza chake kifudifudi. Kinu kilichogeuzwa maana yake mwenyewe atarudi, na mahali pake hapaguswi. Kinu kilichoachwa mdomo wazi maana yake mwenyewe amekufa au ameacha kazi, na anayetaka mahali hapo aende kwa mkuu wa soko.

Ukaja ule ugonjwa wa korona, na mpaka ukafungwa. Jioni ya mwisho alifanya kama siku zote: aliosha kinu, akakigeuza, akakipigapiga juu kwa kiganja, akaweka mchi begani akashuka. Hakuaga, nami sikumuaga. Hatukuwa watu wa kuagana.

Soko lilifungwa, kisha likafunguliwa, lakini mpaka ulibaki umefungwa kwa watu wa miguu. Nilirudi kiwanjani nikakuta kinu chake pale pale, kifudifudi, na matope ya mvua yamekirukia. Wateja wake wa upande huu, ambao kwa miaka walinipita bila kunitazama, walikuja kwangu mmoja mmoja. Nasema ukweli: nilifurahi. Niliimba nikitwanga. Nilimwambia mume wangu kwamba Mungu hamtupi mja wake, naye akaniuliza kama Mungu ndiye aliyefunga mpaka ili mimi niuze sombe. Mume wangu ana maneno ya namna hiyo.

Sijui siku hasa nilipoanza kuharibika. Hakuna aliyenishinda kwa kuwahi, basi nikaanza kuchelewa. Hakuna aliyeongeza pwaro, basi nikapunguza yangu. Kuchambua vijiti ni kazi inayokula vidole, nikawa naviacha vile vidogo, nikijiambia vitalainika jikoni. Ndipo alipokuja mama mmoja wa kwaya ya kanisani kwetu, mtu mpole, akasimama mbele yangu akishika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Maman, usikasirike," alisema. "Sombe yako ya hizi siku iko na miti. Batoto banatema."

"Batoto bako banachagua sana," nilimjibu.

Hakubishana. Alinunua, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kununua, akaondoka. Jioni hiyo nilipika sombe yangu mwenyewe nyumbani. Mume wangu alikula akanyamaza, na mume wangu hanyamazi juu ya chakula. Nilipoonja nilielewa. Ilikuwa na nyuzi, ilikuwa chungu kidogo, na haikuwa na harufu yoyote ya kumfanya mtu asogeze sahani. Kesho yake nilitega sikio nikitwanga, nikasikia mchi wangu unavyolia: ko, ko, ko. Baada ya kila pigo palikuwa na nafasi tupu, na hakuna kilichokuja kuijaza. Niliona aibu, kisha nikaona huzuni, na huzuni ilikaa zaidi.

Malori ya mizigo yalikuwa bado yanavuka. Dereva mmoja wa Bukavu alikuwa akisimama kula, na siku moja nilimuuliza, nikijifanya sijali, kama anamjua mama mmoja mrefu aliyekuwa akivuka na mchi begani. Namba yake ya simu sikuwa nayo. Nani huomba namba ya mukeba wake?

"Ule mama wa muchi? Namujua," alisema dereva. "Eko nabeba muchanga kule ku ziwa. Banapakiaka batu sawa gari, Maman. Mwenyewe alikonda."

Nilikasirika, na sikujua namkasirikia nani. Bega lile si la kubebea mchanga. Bega lile mimi nilikuwa nimepambana nalo kila asubuhi, nililijua linavyopanda na kushuka kuliko ninavyolijua la dada yangu wa damu, na sasa lilikuwa chini ya karai la mchanga kwa mtu ambaye hakujua thamani yake.

Kiangazi kikaingia. Kinu cha mti kikikaa bila kazi kinakauka, na kikikauka kinapasuka, na kinu kilichopasuka ni kuni. Nikipita karibu niliona ufa mwembamba kama uzi umeanza kwenye kitako chake. Nilikwenda nikaleta gunia, nikaliloweka maji, nikakifunika. Siku iliyofuata nikamwagia tena. Nilifanya haraka haraka kama mwizi, lakini kiwanjani hakuna siri.

"Unakunywesha kinu ya mukeba?" muuza ndimu aliuliza.

"Ikipasuka atasema miye njo nilimuroga," nilimjibu, na wakakubali, kwa kuwa jibu hilo lilifanana na mimi.

Mkuu wa soko alikuja mwisho wa kiangazi. Ni mtu mzima, si mbaya, anapenda mambo yakae sawasawa. Alisimama kwenye kivuli cha ukuta, akagusa kile kinu kwa ncha ya kiatu.

"Maman, nafasi haiwezi kukaa bure," alisema. "Kuko bantu banaiomba. Lakini weye uko wa zamani. Ukiitaka, ni yako, kuanzia kesho."

Hapo ndipo lilipokuwa lile nililolitamani miaka yote, limeletwa mpaka mlangoni. Nilimwambia nataka kwanza nipajaribu. Alicheka, akasema mwenye mali haombi ruhusa. Nikachukua mchi wangu, nikavuka njia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimama upande ule, maana wakati wa kuloweka gunia niliinama tu na kuondoka. Nikazunguka nyuma ya kinu chake nisimame mahali anaposimama mtwangaji.

Miguu yangu ikazama kidogo. Nilitazama chini. Palikuwa na vishimo viwili kwenye udongo, vilivyochimbwa na nyayo za mtu mmoja aliyesimama mahali pamoja miaka na miaka, visigino vimeingia zaidi ya vidole. Hilo halikunishangaza, hata upande wangu viko, ndivyo tulivyo watu wa kazi hii. Kilichonishangaza ni mahali vilipoelekea. Siku zote niliamini alichagua pale ili atazame mpakani, awaone wateja wakitokea darajani kabla sijawaona mimi. Lakini vile vishimo vilikuwa vimeupa mpaka ubavu. Nilijaribu kugeuka nitazame darajani, miguu ikatoka kwenye udongo wake. Nikairudisha, nikainua macho. Mbele yangu, sawasawa kabisa, kilikuwa kinu changu, na nyuma yake, juani, vishimo vyangu viwili, vimenielekea.

Miaka yote ile hakuwa anatazama wateja. Alikuwa ananitazama mimi. Na mimi, niliyejisifu kwamba macho yangu yako kwa wateja, ardhi ilikuwa inanishuhudia kwamba nilikuwa namtazama yeye. Nilipokunywa maji alinyamaza kwa sababu hakuwa na wa kushindana naye. Nililia pale, mbele ya mkuu wa soko na wauza ndimu, na sina haya kusema hivyo. Nimekuwa na marafiki maishani mwangu, na rafiki ni kitu kizuri, lakini rafiki husema sombe yako ni tamu hata kama ina vijiti. Mtu aliyenijali mpaka akachimba ardhi kwa miguu alikuwa yule ambaye hakuniamkia.

"Hapa iko na muntu," nilimwambia mkuu wa soko.

"Muntu eko wapi?" aliuliza, na hakuuliza kwa ubaya. "Kinu isiyotwanga ni kisiki tu, Maman. Siwezi kuwekea kisiki nafasi."

Nilivuka nikachukua konzi mbili za majani yangu. Nikarudi, nikakigeuza kile kinu mdomo juu, nikakifuta kwa kitenge changu, nikatia majani ndani na kuinua mchi. Niliwaona wanawake wakiweka mikono mdomoni. Hata mimi mikono ilisita, kwa maana tangu utotoni sikuwahi kutwanga ndani ya kinu cha mtu bila yeye kuniambia. Kisha nikatwanga.

"Sasa inatwanga," nilisema. "Itakuwa inatwanga kila siku, mpaka mwenyewe akuye."

Alitikisa kichwa, akaenda kusimamia mambo mengine. Hakuirudia habari ya nafasi ile.

Kwa hiyo nikawa na vinu viwili. Asubuhi nilitwanga kwangu, jua likipanda nikavuka na kutwanga kwake, jioni nikavigeuza vyote. Wateja walisema ile ya kinu cha upande wa pili ina ladha ya zamani. Nilichukia. Nilinusa ule mti ndani, ulikuwa umekunywa kitunguu saumu cha miaka yote, nikawaza kwamba labda siku zote nilikuwa nashindwa na gogo. Basi nikarudi kwenye kinu changu nikaongeza bidii ili nikishinde kile kingine. Kwake sikuweza kuacha vijiti, kwa kuwa jina lilikuwa lake. Kwangu sikuweza kuviacha, kwa kuwa ningeshindwa na mkono wangu mwenyewe. Mama wa kwaya alirudi akanunua bila kusema neno, na kesho yake akaja tena na jirani yake.

Watu waliniuliza kwa nini najisumbua. Niliwaambia sitaki kumshinda mtu ambaye hayupo. Walidhani ni majivuno, na pengine yalikuwamo. Lakini nilikuwa naogopa pia. Niliogopa kwamba akichelewa zaidi nitasahau nilivyo.

Mpaka ulipofunguliwa kwa watu wa miguu, nilikuwa nachambua majani. Watu walianza kupanda njia, wengine wakilia wakiwaona wadai wao wa zamani wamekuja kuwapokea kwa furaha, kwa maana siku hiyo hakuna aliyemdai mtu. Yeye hakutokea siku hiyo, wala iliyofuata. Alikuja baadaye, mvua za kwanza zimeshanyesha. Nilimwona anapanda polepole. Mchi haukuwa begani kwake. Ulikuwa begani kwa msichana aliyemfuata nyuma, mtu mzima tayari, mrefu kama yeye, amesuka nywele vizuri. Nilimtambua kuwa ni binti yake kwa jinsi alivyokunja midomo.

Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta, akaondoa gunia langu, akamwambia binti ageuze kinu. Akaingiza mkono wa kushoto ndani, akapapasa chini kwenye kitako, akautoa akanusa vidole.

"Nani alitwanga humu?"

Kiwanja kizima kikainama kwenye kazi zake. Muuza ndimu alipanga ndimu zilizokuwa zimeshapangwa.

"Ni miye," nilisema.

Alinitazama sasa. Alikuwa amekonda kweli, na macho yake yalikuwa yameingia ndani. Alipitisha kidole kwenye ule ufa wa kitako, ambao ulikuwa haujaongezeka.

"Kinu haikupasuka," alisema.

Kwa mtu kama yeye hayo yalikuwa maneno mengi. Niliinamisha kichwa, naye akageuka, na hapo ndipo nilipoona mkono wake wa kulia. Ulining'inia tu. Alipotaka kuusogeza aliushika kwa ule wa kushoto, kama unavyoshika kitu cha mtu mwingine. Mchanga ulikuwa umemla bega.

Binti alifunga kitenge kiunoni akaanza kutwanga. Baadaye nilijua kwamba alikuwa mshonaji, na kwamba kazi hii aliijua kwa kuitazama tu. Alishika mchi juu mno. Alipiga kwa mikono badala ya mgongo, na majani yalimruka yakaanguka kwenye udongo. Ko, ko. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda, uso chini, anasikiliza. Watu waliokuwa wakipanda kutoka mpakani walisimama katikati ya njia, wakainamisha kichwa, wakaja kwangu.

Sikuweza kumshinda yule msichana. Mkono wangu wenyewe ulipunguza mwendo. Nilianza kutwanga polepole, nikimngoja yule msichana ainue, nikimwachia nafasi, mpaka mapigo yetu yakafanana na mapigo ya watu wawili waliopatana. Nilitia majani machache. Wateja wawili niliwaambia ya kwangu bado, waende kwanza upande wa pili. Nilijiona mtu mwema, na kifua changu kilijaa ule wema.

Mukeba wangu aliinua uso. Alisikiliza kidogo zaidi, kisha akasimama, akavuka njia. Miaka yote hakuwahi kuvuka. Alikuja mpaka mbele yangu, akaweka kiganja cha kushoto juu ya mdomo wa kinu changu, nami nikauzuia mchi hewani ili nisimvunje vidole.

"Wakati nilikuwa nabeba muchanga," alisema, taratibu, bila kupaza sauti, "bega ikakufa, watu bote bakanihurumia. Mume, bandugu, batu ba kanisa. Bote. Miye nikasema: haizuru, kule ng'ambo kuko muntu moja ananiogopaka. Njo nilirudi kwa ule muntu."

Niliushusha mchi, nikauegemeza begani.

"Sasa na weye unanihurumia," alisema. "Huyu mutoto atajifunza namna gani, kama uko namungojea? Twanga, Maman. Twanga sawa zamani."

Aliondoa mkono. Aliponipa mgongo niliona jinsi alivyotembea wima, ule mkono uliokufa ameubana ubavuni ili usiyumbe. Nilijaza kinu majani mpaka juu. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Yeye alifika kwenye kinu chake, akamtazama binti yake anavyosimama. Akamshika begani kwa mkono wa kushoto, akamrudisha nyuma kidogo, akamzungusha kutoka upande wa mpakani, mpaka nyayo zake zikaingia kwenye vile vishimo viwili na uso wake ukanielekea mimi. Kisha akaketi kusikiliza. Nikainua mchi.